'Fetor': Jina la Kilatini linalotaja harufu na kuficha ugonjwa

Mtu akifika kwa daktari atamweleza bila shida kuhusu kichwa, mgongo, hata kuhara. Lakini kama shida yake ni harufu mbaya, aghalabu atakaa kimya hadi mwisho. Akishainuka na kushika kitasa cha mlango ndipo husema, "Na daktari, kuna jambo jingine dogo." Jambo hilo huenda ndilo lililomtoa nyumbani asubuhi.

Daktari naye ana njia yake ya kukwepa aibu. Hawezi kuandika kwenye kadi kwamba mgonjwa huyu ananuka. Huandika neno la Kilatini: "fetor". Kwa Kiingereza cha Uingereza, ambacho wengi wetu tulisomeshwa, huandikwa "foetor". Mgonjwa huisoma kadi yake akiwa kwenye foleni ya dawa na kuondoka akiamini kwamba amepewa jina la ugonjwa.

Hajapewa. Ameambiwa kwa lugha ya Warumi lile lile alilolileta mwenyewe kwa lugha yake. Makala haya yanaeleza neno hilo lilikotoka, lina maana gani, na kwa nini ni muhimu msomaji asiridhike nalo.

Maana ya neno

Kwa Kilatini, kitenzi "fetere" kilimaanisha kunuka vibaya. Kutokana nacho lilipatikana jina "fetor", yaani mnuko au uvundo, na kivumishi "fetidus", yaani chenye kunuka. Hakuna zaidi ya hapo. Neno halisemi harufu inatoka mdomoni au puani, kwenye mapafu au kwenye kidonda. Ndiyo maana madaktari huliongezea maneno mengine. "Fetor oris" ni mnuko wa kinywa, na "fetor hepaticus" ni mnuko unaotokana na ini lililoharibika.

Tahajia ya "foetor" huwatia watu wengine wasiwasi usio na sababu. Inafanana na "foetus", neno linalotumiwa kwa mtoto aliye tumboni. Mwanamke anayeliona kwenye kadi yake anaweza kudhani ameandikiwa habari za mimba. Maneno haya mawili yana maana tofauti kabisa. La mimba kwa Kilatini ni "fetus", yaani uzao.

Warumi walikuwa na maneno mengi ya harufu, kama tulivyo nayo sisi. "Odor" ilikuwa harufu yoyote ile, njema au mbaya, na "olere" ilikuwa kutoa harufu ya namna yoyote. Kiswahili kimekwenda mbali zaidi hapa kwa kutofautisha kunuka na kunukia. "Putere" ilikuwa kunuka kwa kuoza, na ndugu yake ni "putridus", yaani kilichooza. Hili linakaribiana na uvundo wetu, unaotokana na kuvunda. Waswahili wana pia shombo ya samaki, kikwapa cha makwapani na kutuzi la jasho kali. Anayesema shombo amekwisha kutaja chanzo. Anayesema "fetor" bado hajakitaja.

Beberu wa Kirumi

Kuna neno moja ambapo Mrumi na Mswahili wamekutana bila kuonana. Mtu mwenye kikwapa kikali husemwa kwetu kwamba ananuka beberu. Kwa Kilatini beberu ni "hircus", na Warumi walilitumia neno hilo hilo kwa harufu ya makwapa. Mshairi wao Catullus, aliyeishi karne ya kwanza kabla ya Kristo, alimfanyia mtu mzaha kwamba wanawake humkimbia kwa sababu ana beberu makwapani. Hadi leo, vitabu vya maumbile ya mwili huziita nywele za kwapa "hirci", yaani mabeberu.

Kwa hakika jasho likitoka tu halina harufu kubwa. Kwapani kuna tezi za namna ya pekee ambazo huanza kazi wakati wa kubalehe. Majimaji yake mazito huliwa na bakteria wanaoishi juu ya ngozi, na mabaki yake ndiyo yanayonuka. Kuoga kila siku, kukauka vizuri, kunyoa nywele za kwapa na kubadilisha nguo huwatosha watu wengi. Mzazi asimgombeze mtoto wa miaka 11 aliyeanza kunuka jasho kana kwamba amekuwa mchafu. Mwili wake unakua, na anachohitaji ni kuelekezwa.

Pumzi iliyogeuzwa ugonjwa

Neno jingine ambalo msomaji amelikuta dukani kwenye chupa za dawa za kusukutua ni "halitosis". Mwanzo wake ni wa Kilatini: "halitus", yaani pumzi au mvuke. Mwisho wake, "-osis", ni wa Kigiriki na huashiria hali, mara nyingi hali ya ugonjwa. Kwa hiyo neno lote lina maana ya hali ya pumzi tu. Daktari Mmarekani Joseph William Howe alilitumia katika kitabu chake kuhusu pumzi mwaka 1874.

Waliolieneza duniani hawakuwa madaktari. Dawa iitwayo Listerine ilitengenezwa Marekani mwaka 1879 na kupewa jina la daktari wa upasuaji wa Uingereza, Joseph Lister. Hapo mwanzo iliuzwa kama dawa ya kuua viini wakati wa upasuaji. Katika miaka ya 1920 matangazo yake yalianza kuwaonya wasomaji juu ya "halitosis": msichana asiyepata mchumba, kijana anayeepukwa na wenzake, nao hawajui sababu. Watu waliogopa, na mauzo yakapanda sana. Jina lenye sura ya kitabibu lilikuwa limefanya kunuka mdomo kuonekane kama ugonjwa unaojitegemea, ambao tiba yake ni chupa moja.

Ukweli ni kwamba katika visa vinane au zaidi kati ya kila kumi, harufu ya mdomo hutoka mdomoni kwenyewe. Nyuma ya ulimi, katikati ya meno na chini ya fizi huishi bakteria wasiohitaji hewa. Hula mabaki ya chakula, ute na chembe za ngozi zilizokufa, na kutoa gesi zenye salfa. Moja ya gesi hizo ni ile ile ya mayai viza. Mate ndiyo husafisha kinywa. Usiku hupungua, na ndiyo sababu kila mtu huamka na harufu. Hupungua pia kwa anayefunga, anayevuta sigara, anayepumulia mdomo au anayetumia baadhi ya dawa.

Dawa ya kusukutua, iliki, karafuu au peremende hufunika harufu kwa muda mfupi. Haviponyi ufizi unaotoka damu, wala haviwezi kuziba jino lililotoboka. Kinachosaidia ni kupiga mswaki mara mbili kwa siku, kusafisha katikati ya meno kwa uzi, kuukwangua ulimi polepole hadi nyuma, kunywa maji ya kutosha, na kuvua meno bandia usiku na kuyasafisha. Ikiwa umefanya hivyo kwa majuma mawili na harufu ingalipo, mwone daktari wa meno. Akisema kinywa ni kizima, ndipo sisi wengine tuanze kutafuta kwenye pua, koo, tonsili, kifua na tumbo.

Somo la malaria

Msomaji anaweza kuuliza: kuna ubaya gani ikiwa jina linataja harufu bila kutaja chanzo? Jibu limo katika neno tunalolitumia kila siku hapa nchini. "Malaria" ni neno la Kiitaliano lililotokana na "mala aria", yaani hewa mbaya, na mizizi yake ni ya Kilatini. Watu wa Italia waliona kwamba wanaoishi karibu na vinamasi hushikwa na homa. Vinamasi hunuka. Wakaamua kwamba mnuko ndio ugonjwa.

Waliofuata dhana hiyo walikausha vinamasi, na mara nyingine homa ilipungua kweli, lakini kwa sababu wasiyoijua: mbu walikosa pa kuzaliana. Mwaka 1880 Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa Algeria, aliviona vimelea ndani ya damu ya mgonjwa. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alivikuta ndani ya mbu. Hewa mbaya ikaondolewa lawama baada ya karne nyingi, ingawa jina limebaki.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa "fetor". Pua inaweza kutuambia kwamba kuna jambo. Haiwezi peke yake kutuambia ni jambo gani.

Harufu zisizongoja

Zipo harufu chache ambazo kila familia inafaa kuzijua, kwa kuwa muda ni mfupi.

Ya kwanza ni ya asetoni, inayofanana na matunda yaliyoiva kupita kiasi au dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Mwili ukikosa insulini hushindwa kutumia sukari iliyo kwenye damu, na badala yake huyeyusha mafuta. Asidi hujaa damuni na asetoni hutoka na pumzi. Mtoto aliye katika hali hii huwa amekunywa maji kupita kiasi kwa siku au majuma kadhaa. Hukojoa mara kwa mara, hata kitandani ilhali alikuwa ameacha, na hukonda. Kisha hutapika, huumwa na tumbo na kupumua kwa nguvu na kwa haraka. Ni rahisi kudhani ana malaria au nimonia. Mtu mzima mwenye kisukari naye akiyumba na kutoa harufu hiyo hudhaniwa mlevi na kuachwa alale. Akiachwa anaweza kufa. Tone moja la damu ya kidole na kipimo cha dakika moja hutoa jibu. Watu wengine hawawezi kabisa kuinusa asetoni, basi zile dalili nyingine zikiwapo, usingoje harufu.

Ya pili ni ya mkojo au amonia kwenye pumzi. Figo zikishindwa kazi, urea hujaa kwenye damu na kuingia katika mate, ambako huvunjwa kuwa amonia. Mgonjwa huvimba uso asubuhi, huvimba miguu, hukosa hamu ya chakula na kuwashwa mwili. Wenye shinikizo la damu na kisukari ndio walio hatarini zaidi.

Ya tatu ndiyo "fetor hepaticus", harufu yenye utamu kidogo ambayo hufananishwa na mchanganyiko wa mayai viza na kitunguu saumu. Damu kutoka matumboni haisafishwi tena na ini, na gesi zenye salfa hufika kwenye mapafu. Macho huwa manjano, tumbo hujaa maji. Mgonjwa akianza kulala mchana, kukesha usiku na kusema maneno yasiyoeleweka, msikae kubishana kama amekunywa pombe au la. Mpelekeni hospitalini siku hiyo hiyo.

Ya nne ni ya makohozi yenye uvundo pamoja na homa. Huenda pafu lina jipu. Hutokea zaidi kwa watu ambao matapishi au mate yaliingia kwenye njia ya hewa wakiwa hawajitambui, kwa mfano kwa pombe au kifafa.

Ya tano huwahusu watoto wadogo: tundu moja la pua likitoa usaha unaonuka huku tundu la pili likiwa safi. Mara nyingi mtoto amejitia kitu, kama punje ya mahindi, harage, shanga au kipande cha sponji. Usijaribu kukitoa kwa pini wala kijiti, maana utakisukuma ndani zaidi. Kama unashuku ni betri ndogo ya saa au ya kichezeo, kimbia hospitalini mara moja, kwa sababu huchoma nyama za pua kwa muda wa saa chache.

Mwisho, mwenye kisukari asikipuuze kidonda cha mguu kilichoanza kunuka, hata kama hakimuumi. Kisukari huua hisia za miguu, kwa hiyo kukosa maumivu si dalili ya kupona.

Siri ya akina mama

Aibu ya harufu huwaumiza wanawake zaidi. Majimaji ya ukeni yenye harufu ya shombo mara nyingi huonyesha kwamba bakteria wa kawaida wanaolinda sehemu hiyo wamepungua na wengine wamezidi. Haina maana kwamba mwanamke ni mchafu. Wengi hujiosha ndani kwa sabuni, chumvi au dawa za dukani, na kwa kufanya hivyo huwaua wale walinzi waliobaki na hali huzidi. Uke hujisafisha wenyewe, na maji ya kuosha nje yanatosha. Tiba ya tatizo hili ni vidonge vya siku chache, na kwa mja mzito ni muhimu zaidi, kwani huhusishwa na kujifungua kabla ya wakati.

Majimaji yenye uvundo pamoja na damu, hasa baada ya tendo la ndoa au baada ya mwanamke kukoma hedhi, ni jambo jingine. Huenda ni saratani ya mlango wa kizazi, na uvundo huashiria kwamba imekwisha kuendelea kwa muda. Ndiyo sababu uchunguzi hufanywa kabla dalili hazijaonekana, na ndiyo sababu Kenya ilianza mwaka 2019 kuwapa wasichana wenye umri wa miaka 10 chanjo ya virusi vinavyosababisha saratani hiyo.

Kisha kuna mwanamke anayenuka mkojo. Aliumwa na uchungu siku mbili au tatu bila msaada, kichwa cha mtoto kikabana nyama zilizo kati ya njia ya uzazi na kibofu, zikafa na kuacha tundu. Mkojo hutiririka usiku na mchana. Huhama chumba, huacha kwenda kanisani au sokoni, na mara nyingine mume humwacha. Ugonjwa huu huitwa fistula, nalo ni neno la Kilatini lenye maana ya bomba au mwanzi. Tazama tofauti yake na "fetor". "Fistula" inaeleza kwamba kuna njia iliyofunguka pasipostahili, na njia iliyofunguka yaweza kuzibwa. Wengi wa wanawake hawa hupona kwa upasuaji. Kama unamjua mmoja aliyejificha, mpe habari hiyo.

Asiyejinusa

Nyani haoni kundule, wala pua haimtumikii mwenyewe. Pua huzoea harufu ya mwili wake na kuacha kuitambua. Kuna ugonjwa wa pua uitwao ozena, jina la Kigiriki lililochukuliwa na Warumi, ambapo utando wa ndani hukonda na kujaa magamba yanayonuka. Wenzake humkimbia, yeye hanusi chochote, kwa sababu ugonjwa huo huo umeua uwezo wake wa kunusa. Mtu kama huyu hutegemea ndugu au rafiki amwambie ukweli faraghani, kwa upole na bila kicheko.

Wapo pia walio kinyume chake. Huamini kwamba wananuka, hunawa mara 20 kwa siku na hukaa mbali na watu, lakini hakuna mwingine anayeisikia harufu hiyo. Hawa nao wanaumwa. Kuwacheka au kuwaapia kwamba hawanuki hakutoshi. Hutibiwa na daktari wa magonjwa ya akili na hupata nafuu.

La kufanya

Ukifika kwa daktari, itaje harufu mwanzoni, usingoje kitasa cha mlango. Sema ilianza lini, inafanana na nini, huzidi wakati gani, na kama wengine wanaisikia. Taja kiu, homa, damu, kukonda au dawa unazotumia. Maelezo hayo yatamsaidia zaidi ya pua yake mwenyewe.

Na ukiona "fetor" au "halitosis" kwenye kadi yako, usiondoke kabla hujauliza swali moja: harufu hii inatoka wapi? Una haki ya kujibiwa kwa lugha unayoielewa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi yanaweza kufichika hata nyuma ya neno la Kilatini.